Macho Yote Mawili

Kisimba, mpiga picha wa harusi mjini Kolwezi, alikuwa ameiweka kando kamera yake ya zamani tangu alipoanza kuvaa miwani. Kamera ile haikuangaliwa kupitia lenzi. Ilikuwa na kidirisha pembeni, na katikati ya kidirisha kila kitu kilionekana mara mbili mpaka uzungushe lenzi, viwili vikutane. Kwa miwani, jicho halikufika karibu, na pembe za picha zote zilimpotea.

Jumapili moja mkewe, Valérie, alimwomba ampige picha kwa kamera ile pale Nzilo, mbele ya bwawa. Kisimba akasogeza jicho huku na huku, kioo cha miwani kikagonga chuma.

"Sioni pembeni," alisema. "Naona tu sura yako, na iko mbili."

"Juu ya nini unafunga jicho ingine?" Valérie aliuliza. "Fungula yote."

Miaka thelathini Kisimba alikuwa akilifunga jicho la kushoto. Akalifungua, akazungusha lenzi polepole. Nyuso mbili za mkewe zikasogeleana, zikawa uso mmoja. Na jicho la kushoto likamletea yote yaliyobaki: ukuta mrefu wa bwawa, mto Lualaba ukifoka na kutoa ukungu mweupe, ndege wakishuka kwa makundi, na katikati ya ukubwa ule wote, Valérie, mdogo, akimtazama. Kisimba akasahau kubonyeza.

"Umemaliza?"

"Bado, mama. Baki hapo kwanza, nikuangalie."

Alipiga moja tu. Iliposafishwa, hata ndege walikuwemo.