Raba Aliyonikataza Jada

Mimi simwamini mtu anayeniuzia kitu huku tunagombania nafasi moja. Na Jada, muuza vifaa vya michezo pale Koboko, ndiye aliyekuwa mpinzani wangu katika mechi ya kuamua nani aende Kampala na timu ya West Nile ya mpira wa meza. Nina miaka arobaini na miwili. Nisipokwenda mwaka huu, siendi tena.

Nilitoka Arua asubuhi kwenda dukani kwake kutafuta raba mpya ya raketi yangu. Akanitolea mbili, zote haibridi, yaani uso unanata na sponji ya chini inarusha. Moja laini, moja ngumu. Bei ileile.

"Siraji, ndugu, chukua hii laini," akasema. "Wewe nasimama karibu na meza, naziba tu. Hii itarudisha mpira yenyewe. Ile ngumu iko ya mutu ya kuvuta mkono, kama mimi. Bila nguvu, mpira naanguka."

Nikamtazama usoni. Tangu lini Jada akanitakia mema? Mwaka jana alinifunga, akacheka mpaka akakaa chini. Nikaibonyeza ile laini kwa kidole gumba, ikabonyea mno. Nikaigusa ile ngumu, nikaona Jada anautazama mkono wangu. Basi, nikajua.

"Nipe ngumu."

"Ndugu, usichukue hiyo."

"Nipe!"

Nyumbani kwetu mtaa wa Oli, Arua, mke wangu Hawah alinicheka. "Wewe hata chumvi ya duka naonja kwanza. Siku mutu nasema kweli, utajua namna gani?" Nikamwambia haya mambo ya raketi hayajui.

Mazoezini mpira ukawa unaangukia wavuni. Kuziba, yaani kuurudisha mpira bila kuvuta mkono, kazi yangu ya miaka ishirini, kukanishinda. Nikasema raba bado mpya, tutazoeana. Siku ya tatu Jada akapiga simu. "Siraji, leta hiyo raba, nitakubadilishia bure." Hapo sikuwa na wasiwasi tena. Mtu habembelezi namna ile bila sababu! Nikamkatia simu, nikafurahi kweli.

Ukumbi wa Koboko ulijaa. Kabla ya kuanza tukapeana raketi, kama ilivyo desturi, kila mmoja aikague ya mwenzake. Yake ilikuwa na raba ngumu, aina ileile, imeng'aa katikati kwa kupigiwa miezi. Kumbe hakuwa na haja na yangu.

Alinifunga seti tatu kwa bila. Yeye anavuta mkono mzima, mpira unakuja unazunguka. Mimi naziba, unaanguka. Seti ya pili nilijaribu kuvuta kama yeye, bega likakataa. Seti ya tatu niliambulia pointi nne.

Tuliposhikana mikono nilishindwa kujizuia. "Mbona ulinionya?"

Safari hii hakucheka. "Nakujua miaka kumi, ndugu. Kama ningesema chukua ngumu, ungechukua laini." Akauachia mkono wangu. "Mimi nilikuambia kweli tupu. Mara mbili, dukani na kwa simu."

Nilitaka kumwita mwongo mbele ya ukumbi mzima. Nikautafuta huo uongo wake, neno kwa neno, nikaukosa.