Majogoo Wanane wa Shemeji

Mshonaji hakuwahi kufuga hata paka, sembuse kuku. Shemeji yake, mlinzi wa usiku aliyepanga chumba cha jirani, alimuuzia vifaranga wanane, akaapa kwamba wote ni mitetea na watataga mpaka achoke kuokota mayai. Mama wa watu akalisha, akafagia vinyesi, akasubiri miezi mitano. Asubuhi moja wote wanane wakawika! Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. "Vumilia, shemeji, watataga tu!"

Mshonaji alimeza hasira, akashika nyundo, akalihamishia banda chini ya dirisha la chumba ambamo laghai huyo hulala mchana.

Kesho yake mlinzi alirudi kutoka lindoni, akajifunika shuka. Jogoo mmoja akawika, saba wakamwitikia. Siku ya tatu akatoka nje macho mekundu kama pilipili. "Shemeji, nakupigia magoti, wachinje hawa mashetani!"

Mshonaji aliendelea kuwamwagia mtama, taratibu, kiganja baada ya kiganja.

"Niwachinje kabla hawajataga? Vumilia, shemeji. Watataga tu."