Gundi ya Chenga

Domitila aliiona picha yake kwenye mashine ya kukoboa mpunga, imetundikwa ukutani juu ya mzani, na chini yake jina la mtu mwingine. Ilikuwa kalenda ya wauza mbegu. Alikuwa amekwenda kuchukua mchele wa vitumbua, akasimama na ndoo mkononi mpaka mwenye mashine akamuuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anaangalia kipande cha kitenge cha njano chenye doa la mafuta ya taa, kitenge cha marehemu mama yake, alichokikata mwenyewe na kukibandika kiwe jua la picha. Doa lilikuwa palepale. Na chini, kwa herufi nzuri za kulala: Octavian.

Octavian alikuwa mwalimu wake, na hapo ndipo palipouma. Angekuwa mwizi wa kawaida, Domitila angemwapiza yakaisha. Lakini huyu alikuja Ifakara miaka miwili iliyopita akitokea Morogoro mjini, akapanga chumba mtaa wa Mlabani, akafungua darasa la Jumamosi la wanawake: kupaka rangi na kubandika vipande vya vitambaa na karatasi mpaka viwe picha. Wanawake waliingia wakicheka. Walidhani watafundishwa kuchora twiga wa kuuzia wazungu. Octavian akawamwagia mkekani rundo la takataka, viroba vya sukari, vitenge vilivyochakaa, magazeti, maganda ya vitunguu, kisha akawaambia wafumbe macho.

"Pitisha mkono juu yake polepole," alisema. "Pale mkono utakaposita, chukua. Usijiulize kwa nini. Ukianza kujiuliza, umeshaharibu."

Domitila alikuwa ameishi miaka arobaini na tatu akiulizwa kwa nini kwa kila alichofanya: na mumewe enzi za uhai wake, na mawifi, hata na wateja wa vitumbua. Alifumba macho, akapitisha mkono, na mkono ukasita. Siku ile alirudi nyumbani akaunguza vitumbua vya watu na hakujali hata kidogo. Mtu akikupa kitu cha namna hiyo, halafu akageuka akakiiba, huishii kumwapiza. Unamtafutia dawa yake.

Agnella, rafiki yake waliyekaa mkeka mmoja darasani, alimshauri akashitaki kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Nikashitaki nini?" alisema Domitila. "Kwamba kitambaa kilichochakaa ni changu? Mwenzangu ana cheti. Mimi nina karai la mafuta."

Jumamosi iliyofuata alikwenda darasani, akamwamkia mwalimu shikamoo yake kama kawaida, akakaa mkekani. Alikuwa mpole mpaka Agnella akaogopa.

Hakungoja sana. Ushirika wa wakulima wa mpunga ulikuwa umejenga ukumbi mpya, ukamwagiza Octavian picha kubwa ya ukutani, ubao unaozidi kimo cha mtu, izinduliwe siku ya ufunguzi mbele ya mgeni rasmi. Na mkono wa Octavian, darasa zima lilishaona, ulikuwa umekauka. Anabandika, anabandua, anakunja uso, anajiuliza kwa nini. Mwishowe alimfuata Domitila kibarazani kwake, kwenye moshi wa vitumbua.

"Mama Evod, nina zoezi kubwa kwa ajili yako," alisema. "Bandika shamba la mpunga, vile unavyolijua wewe. Ubao nitaleta. Fanyia hapahapa nyumbani, wenzako wasije wakaona wivu."

Domitila alimtazama machoni, akatafuta aibu, asiione.

"Asante, Mwalimu. Gundi je?"

"Ya dukani imeniishia. Tumia ileile yenu ya uji."

Gundi ya uji ni chenga za mchele zilizochemshwa mpaka zinate. Inashika kuliko ya kopo. Lakini wanawake wa darasa lile hawakuipika kamwe bila majani ya mwarobaini, mengi, mpaka uchungu unakukaa kooni ungali unakoroga. Gundi isiyo na mwarobaini ni chakula tu, na panya huila pamoja na chochote kilichobandikwa nayo. Octavian alikuwa ameitumia miaka miwili na kuisifu mbele za watu, na hakuwahi kuuliza imetiwa nini. Ilipikwa na wanawake, basi alidhani ni uji.

Domitila alibandika sufuria motoni. Majani ya mwarobaini yalikuwa kwenye ungo, ameshayachuma. Akapitisha mkono juu yake kama alivyofundishwa, na mkono haukusita. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kopo la pumba laini. Akatia viganja viwili, akaongeza mafuta kidogo yaliyobaki kwenye karai ili inukie. Akatabasamu peke yake jikoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kalenda.

Alikusudia kubandika chochote, maana panya hawachagui. Ila mkono wake haukujua kulipua kazi. Siku ya kwanza uliokota karatasi za mifuko ya saruji ukatandaza mbuga yenye maji. Siku ya tatu ukasimamisha dungu, kile kichanja kirefu cha miti ambacho watu hukaa juu yake msimu wa mpunga kufukuza ndege. Kisha juu ya dungu akaanza kuja mtu. Domitila hakuwa anamfikiria yeyote. Alifumba macho, akachukua, akabandika. Siku ya tisa alipofumbua alimkuta mama yake, Fausta mwenyewe, ameshika kamba za makopo ya kutishia ndege, amegeuza shingo kama anayemtazama mtoto wake. Kitenge cha njano kilikuwa kimekwisha chote mwilini mwake.

Domitila akakaa chini akalia. Mama yake alizikwa bila kupigwa picha hata moja.

Akawaza kumbandua, lakini gundi ilishakauka. Akachemsha majani ya mwarobaini, akaacha maji yapoe, ayapake kwa juu asubuhi labda yatasaidia. Alijiambia atamweleza Octavian ukweli, liwalo na liwe.

Asubuhi Octavian aliwahi kuliko alivyosema, akaja na mkokoteni. Akaiona picha, akasimama. Akakaa kwenye kigoda, palepale kwenye unga.

"Huyu ni mama yako," alisema.

"Ndiye."

Akainuka, akamtazama Fausta kipande kwa kipande, akisogea na kurudi nyuma, akifuatisha kwa kidole bila kugusa. Machozi yalimlengalenga. Na Domitila, Mungu amsamehe, alimpenda mwalimu wake dakika ile. Akafungua mdomo amwambie habari ya gundi.

Octavian akatoa brashi na kikopo cha rangi ya mafuta, akapiga magoti, akaandika jina lake kwenye kona tupu ya ubao.

"Kwa ajili ya kumbukumbu za darasa tu," alisema bila kugeuka.

Domitila akafunga mdomo. Alipoufungua tena sauti ilikuwa ya asali.

"Utaiweka wapi mpaka siku ya ufunguzi, Mwalimu?"

"Hapo ndipo shida. Chumba changu kinavuja."

"Kaiweke kwenye ghala la ushirika, pamoja na mpunga. Ndipo pakavu kuliko kote, na pana kufuli. Ila uifunge vizuri na shuka, watu wasichungulie."

Octavian akamshukuru kwa wazo zuri. Maji ya mwarobaini Domitila aliyamwaga uani.

Zikapita wiki tano. Kila alipokaanga vitumbua alijua panya wanakula. Siku moja alifika mpaka mlango wa ghala, ameshatayarisha na uongo wa kumwambia mlinzi. Akalikumbuka lile jina kwenye kona, akarudi nyumbani.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulifurika. Vijana wa ushirika waliitoa picha ghalani asubuhi ileile, wakaitundika na shuka lake, na Octavian mwenyewe, amevaa suti, aliwakataza wasilifungue. Mgeni rasmi akavuta kamba. Shuka likaanguka.

Ubao ulikuwa mtupu, ila mabaka ya karatasi, nyuzi chache za njano na mavi ya panya. Katika kona, safi kabisa, kwa rangi ya mafuta: Octavian. Mgeni rasmi, asije akaonekana mshamba, alipiga makofi mawili. Ndipo mtu wa nyuma akaanza kucheka, na ukumbi mzima ukamfuata.

Octavian akashika kipaza sauti. Jasho lilimtiririka.

"Jamani, hii si kazi yangu. Ni ya mwanafunzi wangu, Mama Evod, yule pale. Muulizeni yeye alitumia gundi gani."

"Na hilo jina?" aliuliza mwenyekiti wa ushirika.

Domitila akasimama.

"Ni kweli, ni yangu," alisema. "Mwalimu ameandika jina lake juu ya kazi yangu. Na ile ya kwenye kalenda, mnayoitazama mashineni kila siku, nayo ni yangu. Niliogopa kusema nisije nikaonekana mwongo. Leo amesema mwenyewe, kwa kipaza sauti."

Ilikuwa tamu. Tusidanganyane, ilikuwa tamu sana, na Domitila aliila yote bila kumbakizia mtu. Octavian alitoka kwa mlango wa nyuma, na kesho yake alionekana kituo cha basi na begi lake. Darasa la Jumamosi likafa. Agnella alikaa siku tatu bila kuja kununua vitumbua.

Mwenyekiti alileta ubao mpya. "Bandika ileile," alisema, "na jina lako uandike kubwa."

Domitila akapika gundi chungu kuliko zote. Akafumba macho, akapitisha mkono. Ukapita, ukarudi, haukusita popote. Ikawa hivyo wiki, ikawa hivyo mwezi. Mwisho akabandika kwa kufikiri, akapata mwanamke fulani tu, amekaa juu ya miti.

Agnella, ambaye alikuwa amerudi, alikuja kuangalia. "Kwani ile ya kwanza alikuwa amekaaje?"

Domitila hakujua. Ile ilikuwa kazi ya mkono, na yeye alikuwa amefumba macho. Alikumbuka kilio chake, lakini hakukumbuka shingo ilivyogeuka. Alikuwa amewalisha panya mama yake, na duniani kote aliyemtazama kipande kwa kipande ni mtu mmoja.

Ilimchukua siku nne kupiga simu. Hakuomba radhi, wala hakudai kuombwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi. Shingo ya mama niliigeuza upande gani? Na mkono wa kamba, niliukata kwenye kitambaa kipi?"

"Nakumbuka," alisema Octavian. "Nakumbuka kila kipande."

Akakata. Domitila akapiga tena, na tena. Simu ilikuwa imezimwa.