Rasiberi za Nyuma ya Tangi

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa fundi wa lifti, na katika kazi hiyo nimeona mengi. Kuna lifti moja niliitengeneza vizuri mno, ikapata nguvu, ikapitiliza ghorofa ya mwisho, ikatutua juu ya paa mimi na mhasibu mmoja. Tukakaa huko tunakula karanga mpaka ilipokumbuka kushuka. Mke wangu akisikia habari hiyo huwa anatazama dari. Lakini hii ya rasiberi ni ya kweli tupu, na ndiyo maana ilinitesa.

Nilianza na fito tano za rasiberi, yale matunda madogo mekundu ya vichaka vya miiba. Nilipewa na mlinzi wa jengo la mwisho nililohudumia kabla ya kustaafu, amezifunga kwenye gazeti lenye majimaji, mizizi inaning'inia kama ndevu za mbuzi. "Mwaka wa pili utachuma mpaka mkono uchoke," akaniambia.

Nikazipanda nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Nikachimba mtaro, nikatia samadi iliyooza sawasawa, nikatandaza majani makavu juu yake. Nikasimamisha nguzo mbili na kuvuta nyaya mbili, mmoja usawa wa magoti, mwingine usawa wa kifua. Nguzo nilizipima kwa timazi, maana mtu aliyezoea lifti hawezi kulala usingizi kama kuna kitu kimeinama uani kwake.

Mwaka wa kwanza hazikuzaa, sikushtuka. Mwaka wa pili zikarefuka kunipita, majani mapana, miiba tele, ila tunda hata la dawa hakuna. Mwaka wa tatu vilevile.

Mke wangu ni nesi mstaafu wa wodi ya wazazi. Amepima watoto wachanga kwenye mizani maisha yake yote, kwa hiyo makadirio hayataki kabisa. Jumatatu moja alisimama mlangoni na ndoo ya nguo, akaziangalia zile fito kama mtu anayeangalia mgonjwa asiyetaka kupona.

"Baba watoto, hiyo si bustani. Hilo ni pori tunalolimwagilia."

"Nipe msimu mmoja tu."

"Nimekupa mitatu. Hata mimba ya tembo ingekuwa imeshatoka. Jumamosi kaka anakuja na jembe, ajenge banda lake la kuku hapo."

Kaka yake, yaani shemeji yangu, ni kinyozi, ana kibanda chake mtaa wa pili. Kwake hapana nafasi hata ya kufuga sungura. Nikaona siku tano ndizo nilizobakiwa nazo, na mke wangu akishasema Jumamosi, ni Jumamosi.

Sasa, lifti ikigoma, fundi wa kubahatisha anafungua kila kitu, anatapakaza skrubu sakafuni, mwisho anarudisha nusu. Mimi nilijifundisha mwenyewe kukaa kimya kwanza. Nikatoa kiti, nikakaa mbele ya fito zangu kuzisoma.

Jumanne nilianza na udongo. Nilipochimba kidogo nikakuta minyoo minene ya kutosha kufungia viatu. Maji? Yapo, tangi liko pale pale. Nyuki? Nyuki walikuwa wanapita juu bila kutua, na kosa halikuwa lao, maana hapakuwa na ua hata moja la kutulia. Basi tatizo liko kabla ya ua. Nikazihesabu fito: arobaini na tatu. Zote za kijani, zote laini, zote zimelingana kama watoto wa darasa la kwanza siku ya kufungua shule.

Hapo nikajiuliza: wakubwa wao wako wapi? Fito zina miaka mitatu hapa nyumbani, mbona sioni hata moja iliyozeeka?

Jibu nilikuwa nalijua, nimelinywesha chai mwenyewe. Kila mwaka baridi ikiisha, shemeji huja Jumapili na mkasi wake mkubwa. "Shemeji, hizi nywele zimezidi," anasema, na hawezi kuketi mpaka azinyoe zote, chini kabisa, kipara. Akimaliza anafagia, na nusura azipake spiriti. Mimi namshukuru, namwongezea sukari.

Lakini kumshuku mtu si kumpata na hatia. Nilihitaji ufito mmoja ambao mkasi wa shemeji haukuugusa.

Jumatano asubuhi nikapata wazo. Mizizi ya rasiberi haikai ilipopandwa, inatambaa chini kwa chini na kuchipua inakotaka. Na kati ya tangi na ukuta pana upenyo wa shubiri moja na nusu, ambapo tumbo la shemeji haliwezi kuingia hata kwa barua ya serikali. La kwangu nalo lina ubishi. Nikatoa pumzi yote, nikajipenyeza kwa ubavu, kifungo kimoja cha shati kikaruka.

Huko ndani kulikuwa na fito mbili za rangi ya kahawia, ganda linabanduka, za mwaka jana bila shaka. Pembeni zimetoa vitawi vifupi. Na kwenye vitawi, nikahesabu mara mbili, rasiberi kumi na moja, nyekundu, zimeiva. Kando yake ufito mchanga wa kijani, hauna kitu.

Nikaelewa pale pale, nimebanwa kama barua kwenye bahasha. Aina hii yangu haizai mwaka inaoota. Ufito unaota mwaka huu, unangoja, unazaa mwakani, halafu unakufa. Shemeji alikuwa anakata kila mwaka zile zile zilizokuwa zinajiandaa kuzaa!

"Mama watoto! Zimezaa!"

"Na mhasibu ameshuka?" akajibu kutoka jikoni.

Akaja lakini, mikono ina povu la sabuni. Nikamnyooshea moja. Akaigeuza mwangani.

"Umeinunua wapi?"

"Imetoka humu."

"Wewe ndiye uliyefunga malimau kwa uzi kwenye mpera wa jirani, akaita watu waje kutazama."

"Basi ingia mwenyewe ukague."

Yeye ni mwembamba, akateleza ndani bila shida. Nikasikia sauti yake ya wodini: "Uzi hakuna. Gundi hakuna." Kisha, polepole: "Ee! Mbona inavulika kama kofia? Kichwa kimebaki kwenye mti, kidogo, cheupe."

"Ikiiva ndivyo inavyotoka."

"Basi hii huwezi kuibandika. Ngoja nijaribu nyingine."

"Jaribu."

"Na hii."

Nesi hapimi mara moja akaridhika. Alipotoka midomo ilikuwa myekundu na macho yamelegea.

"Zimebaki ngapi?" nikauliza.

"Uchunguzi umekamilika," akasema, akarudi jikoni.

Jumamosi shemeji akafika na jembe begani na mabati mawili ya banda. Akamkuta dada yake amesimama katikati ya njia.

"Dada, sogea kidogo."

"Hatung'oi, kaka. Zimezaa. Kosa lilikuwa mkasi wako." Akamweleza yote, ufito wa mwaka huu na wa mwaka jana.

Shemeji akachungulia nyuma ya tangi, shingo tu ndiyo iliyoingia. "Mimi naona vipara vyeupe, basi. Dada, huyu mtu amekuchezea."

Nikafungua kinywa. "Wewe nyamaza," akaniambia, "wewe sikuulizi. Dada, tangu utotoni hujawahi kunidanganya. Ulizikuta ngapi?"

Mke wangu akaangalia zile fito arobaini na tatu, akaangalia jembe, akajifuta midomo.

"Sitini," akasema. "Na kila moja kama yai la njiwa."

"Sitini! Kwenye fito mbili?"

"Nilizihesabu kwa mkono wangu."

Shemeji akalishusha jembe. Nikamwona anapiga hesabu kichwani, midomo inacheza: fito zote hizi, zikiachwa, mwakani. Akainua mabati yake, halafu akanigeukia kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Shemeji, na wewe uliziona hizo sitini?"

"Mimi," nikasema, "kusema kweli, niliona kumi na moja."

Akatikisa kichwa, akamtazama dada yake kwa huruma. "Unaishije na mtu kama huyu?"