Mtaro wa Upande wa Pili

Winifrida alimchukia Vinod tangu kikao cha kwanza, wala hakujisumbua kuficha. Yeye alikuwa mhandisi wa barabara katika halmashauri moja ya kusini mwa London. Vinod alikuwa mkuu wa barabara katika halmashauri jirani, Mhindi wa Kisumu aliyehamia Uingereza akiwa kijana na Kiswahili chake kikahama naye. Halmashauri za upande huo zilikuwa zimeunda kamati ya pamoja kujiandaa kwa magari yanayojiendesha, maana gari la namna hiyo halijui mpaka wa halmashauri. Linataka ramani moja: wapi pamefungwa, wapi panachimbwa, taa ipi imekufa. Kazi ya kuisimamia ramani hiyo alipewa Winifrida, na Vinod akavimba.

"Nikupe wewe barabara zangu uziangalie?" alimwambia siku ileile. "Mimi nilikuwa naziangalia kabla wewe hujashuka ndege."

"Basi mzee, zilete, au kaa nazo. Lakini ramani ikiwa na shimo nitasema ni shimo lako."

Wakazoea kugombana hivyo kila kikao, kwa Kiswahili, nyuso zikicheka. Mwenyekiti wao, Harrison, Mwingereza mchangamfu aliyependa watu wapatane, aliamini wawili hao wanakumbushana nyumbani. Winifrida hakumwambia vingine. Alikuwa ameanza kuufurahia ugomvi ule.

Jumatatu ya wiki ya majaribio, wakati wa chai, Vinod alimsogelea akikoroga kikombe.

"Alhamisi mnapitisha gari Fenner Lane, sivyo?"

"Unajua tunapita. Ulikuwepo tulipopanga."

"Haya, pitisheni. Mtakuta kitu upande wangu."

"Kitu gani?"

"Si ramani ni yako? Iulize."

"Mzee Vinod, kama kuna jambo, liseme sasa hivi."

"Niombe vizuri kwanza," alisema Vinod, akanywa chai yake. "Nyinyi Watanzania si ndio wenye adabu?"

Harrison akapita, akawagusa wote wawili mabegani, akasema inapendeza kuona majirani wanaelewana. Winifrida akatabasamu. Aliporudi mezani kwake akaifungua ramani. Fenner Lane ilikuwa safi, haina alama hata moja. Akaifunga, akachukua koti, akaenda zake nyumbani Thornton Heath.

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa imekatika, barabara bado inang'aa. Kwenye kiti cha mbele cha gari la majaribio, nyuma ya usukani, alikaa Telesphor, kijana wa Songea ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mikono magotini na kuushika usukani pale tu gari litakaposhindwa. Winifrida alikaa nyuma na kompyuta yake mapajani. Gari liliwapisha watu kwenye vivuko, likasubiri basi litoke kituoni, likapita taa zote bila kosa. Telesphor akaanza kuimba kwa sauti ya chini.

"Dada Winni, hili likizidi kuwa na akili hivi mimi sina kazi," alisema.

Fenner Lane ina kona kali, na mpaka wa halmashauri uko palepale inapoishia kona. Mafundi wa mabomba walikuwa wamechimba mtaro upande wa Vinod na kuzungusha koni nyekundu za tahadhari hadi katikati ya barabara. Ramani ililiambia gari kuwa njia iko wazi, kwa hiyo liliingia kwenye kona kwa mwendo wake. Lilipoziona koni lilifunga breki. Magurudumu yakateleza juu ya majani yaliyolowa. Telesphor akaudaka usukani, akaukata kushoto ili wasitumbukie kwenye mtaro, na wakaivaa nguzo ya taa. Winifrida alisikia kishindo, kisha akamsikia Telesphor akipiga kelele. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko.

Kamati ilikutana wiki iliyofuata. Hakuna aliyegusa biskuti. Vinod alisema ofisi yake haikuwa na habari za mtaro ule; waliochimba hawakuwaarifu.

"Mwongo," alisema Winifrida kwa Kiingereza, ili wote wasikie. "Jumatatu ile aliniambia tutakuta kitu upande wake. Hapahapa, kikombe kikiwa mkononi. Nilipomuuliza ni kitu gani, alitaka nimwombe vizuri."

Vinod alicheka kidogo. "Kiswahili cha Kenya si cha Tanzania. Nilikuwa nikimtania, hakuelewa."

"Nilielewa kila neno."

Harrison alimgeukia. Uchangamfu wake ulikuwa umekwisha.

"Kila neno?"

"Kila neno."

"Kwa hiyo tangu Jumatatu ulijua kuna kitu barabarani. Kwa nini ulilitoa gari Alhamisi?"

Chumba kizima kilimtazama. Winifrida angeweza kupiga simu. Angeweza kwenda mwenyewe. Fenner Lane haikuwa mbali.

"Nilidhani litasimama tu," alisema hatimaye. "Nilitaka lisimame upande wake, kila mtu aone."

Alilisema kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza lilisikika baya zaidi kuliko lilivyokuwa likikaa kichwani mwake.

Wote wawili waliondolewa kwenye kamati siku hiyo. Waliobaki wakakubaliana kwamba hakuna gari litakalojaribiwa mpakani mpaka wahandisi wa pande zote mbili waitembee barabara kwa miguu, pamoja.

Vinod alikuwa akisubiri lifti. "Umefurahi sasa?"

"Wewe ndiye uliyeficha."

"Na wewe ndiye uliyekaa kimya. Usinitazame kama polisi."

Lifti ilipofunguka hakuna aliyetaka kuingia na mwenzake. Winifrida akashuka kwa ngazi.

Jumamosi alinunua maembe na zabibu, akaenda kwa Telesphor, Tooting. Mkewe, Elinaja, alimfungulia bila kumkaribisha. Telesphor alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa plasta hadi begani.

"Pole, Telesphor."

"Dada Winni, nasikia ulijua."

"Nilijua kuna kitu. Sikujua ni mtaro."

"Ukaniacha niendelee kuimba."

"Hata mimi nilikuwa ndani ya gari lile."

"Ulikuwa nyuma," alisema Telesphor.

Winifrida aliuweka mfuko wa matunda mezani, na Telesphor akageuza uso kwenye televisheni. Elinaja akauchukua ule mfuko mezani, akamrudishia.

"Beba matunda yako, dada. Na usije tena mpaka tukuite."

Winifrida aliubeba. Alitembea na mfuko hadi kituo cha basi, akakaa, na basi lake lilipofika akalitazama likifungua mlango, likafunga, likaondoka.