Nyota Zilivyokatazwa Kupepesa Macho

Usiku wa jana niliota nimesimama pekupeku kwenye nyasi za Kitulo, na kamera ya mjukuu wangu Tusekile inanifokea.

"Bibi, toka mbele yangu!"

Ilikuwa imesimama kwa miguu yake mitatu, yote imevaa soksi kwa ajili ya baridi. Nikatoka.

Niseme kwanza: Tusekile anasomea upigaji picha. Alikuja kwangu kupiga picha ya mtihani, nyota juu ya uwanda wetu wa maua. Kila akipiga, nyota zinatoka zimevutika kama nyuzi za sufu. Na asubuhi anapanda basi kurudi chuoni. Jana aliiacha kamera nje ijaribu mara ya mwisho, akalala bila kugusa kande zangu.

"Shida nini?" nikaiuliza kamera.

"Mimi nikifumbua jicho, nakaa nalo wazi. Wale hawatulii. Tazama."

Natazama. Nyota zinasukumana, zinapepesa macho, moja inajikuna mgongo kwenye kilele cha mlima.

Nikaelewa. Hakuna aliyezipanga! Sisi enzi zetu tulipokwenda studio ya picha mjini Tukuyu, tulipangwa kwanza, ndipo tukapigwa.

Mara tumo studio. Mlima ni pazia, una mkunjo katikati. Nyota zimejaa kwenye mabenchi, ndefu nyuma, fupi mbele.

"Pakeni poda," nikasema. "Kidevu chini, mikono magotini. Atakayepepesa macho ameharibu picha ya wote."

"Na tukicheka, Bibi?"

"Kwani mmekuja harusini?"

Wakabana vicheko mpaka benchi likalia.

"Na wewe mdogo, mbona unatetemeka?"

"Sina sweta, Bibi."

"Kaja kifua wazi kwenye picha!" wakadakia wa nyuma.

Nikavua sweta langu la bluu nikamvika. Likamfika miguuni. Nikafunga vifungo vyote, mpaka cha juu kabisa. Bila hicho picha hainogi.

"Kinanikaba."

"Vumilia. Wote tulikabwa."

Kamera inafumbua jicho. Hapumui mtu. Hata upepo umeweka mikono magotini. Mara chafya inanijia mimi, niliyewapanga! Pua inawasha, machozi yananitoka. Nafikiria basi la asubuhi, naibana pua kwa vidole.

Kamera ikafumba jicho.

"Imetoka," kamera ikasema.

Nikapiga chafya. Nyota zote zikaruka dirishani, na pazia likaanguka na mlima wake.

"Bibi! Bibi, amka!" Tusekile alikuwa kitandani pangu, kamera imelowa umande. "Zimetulia! Ona, kama punje za chumvi!"

Nikaona. Zimekaa kwa adabu zao.

"Umepiga vizuri, mama."

"Wala sijui nimefanya nini tofauti."

"Kula kande basi, gari litakuacha."

Nikanyoosha mkono nichukue sweta langu msumarini. Lilikuwa baridi kama lililolala nje. Na kile kifungo cha juu, ambacho sikifungi siku hizi kwa vile kinanikaba, kilikuwa kimefungwa.