Seli Zisizokuwa za Urbanus

Kageha alipohesabu mara ya kwanza alidhani macho yamechoka. Akatoka nje ya maabara, akanawa uso kwenye bomba, akarudi kuketi mbele ya hadubini.

Ilikuwa Agosti 1977. Kwa miaka miwili alikuwa amelea seli zilizotolewa kwenye uvimbe wa taya wa Urbanus, mtoto wa miaka sita kutoka mtaa wa Silanga hapa Nairobi, aliyefia wodini siku kumi na moja baada ya kulazwa. Saratani ile iliua watoto wengi, na Kageha alitaka kujua ni kitu gani ndani ya seli kinachoiwasha. Binti huyu wa seremala wa Laini Saba alianza hapo maabara kwa kuosha chupa. Akasoma jioni hadi akapata diploma, kisha digrii, na sasa seli za Urbanus ndizo zilizobeba masomo yake ya uzamili. Zilikuwa zimekataa kufa. Zilijaa chupa baada ya chupa.

Lakini Urbanus alikuwa mvulana. Seli za mvulana huwa na kromosomu Y, kijiuzi kifupi kinachong'aa kikipakwa rangi yake. Kageha alihesabu seli mia moja. Hakuna hata moja iliyong'aa.

"Rangi imeharibika," alisema Daktari Shiundu, msimamizi wake.

"Nimeijaribu kwa damu yako, daktari. Iling'aa vizuri sana."

Shiundu aliweka kalamu chini. Kwenye kabati lile lile la joto kulikuwa na seli za msichana mmoja, zilizoletwa kutoka ng'ambo za kulinganishia. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Makala yetu ya seli hizi inaondoka Ijumaa kwenda jaridani, Kageha. Nafasi yako ya kusoma nje inategemea makala hiyo."

"Najua. Ikienda, iende bila jina langu."

Alhamisi Shiundu alikuja mezani pake akasimama, mikono mifukoni. "Haiendi," alisema. "Na ile nafasi wamempa mtu mwingine. Sikuweza kuizuia."

"Nimeelewa, daktari."

Kageha akamwaga dawa ya kuua seli katika chupa zote ishirini na sita, yeye mwenyewe, moja moja.

Kilichomuuma zaidi ni Nthenya, mama yake Urbanus. Baada ya mazishi Kageha alikuwa amemwambia kwamba seli za mwanawe ziko hai na zinasaidia kutafuta dawa. Tangu siku hiyo, kila walipokutana njiani, Nthenya aliuliza, "Urbanus wangu anaendeleaje huko kwa chupa?"

Jumamosi asubuhi akamfuata shambani kando ya bwawa. Nthenya alikuwa anakata sukuma wiki za kuuza. Kageha alimweleza yote bila kuzunguka.

"Kwa hivyo zile zilikuwa za mtoto wa wenyewe," alisema Nthenya.

"Ndiyo, Mama Urbanus."

"Na zake zilienda wapi?"

"Zilikufa, nafikiri mwanzoni kabisa. Tone la zile nyingine liliingia kwa chupa yake, zikakua haraka zikajaza. Chupa ilikuwa mkononi mwangu."

"Si ungenyamaza tu? Mimi ningejulia wapi?"

"Kuna watoto watatu wodini wenye uvimbe kama wake. Nikinyamaza, dawa yao nitaitafuta mahali ambapo haipo."

Nthenya alimpa mgongo. "Enda, daktari. Leo enda tu."

Akaenda. Jumatatu aliandika kanuni kwenye karatasi akaibandika ukutani: chupa ya mgonjwa mmoja tu mezani kwa wakati mmoja, kila mgonjwa na pipeti zake za kuvutia majimaji, na kromosomu zikaguliwe kila mwezi. Wenzake walilalamika kwamba kazi ya saa moja sasa ilichukua nne. Kageha hakuibandua ile karatasi.

Sampuli mpya hazikupatikana kirahisi. Mama mmoja kutoka Kitui alikataa katakata mwanawe akatwe hata kipande cha uvimbe. Siku mbili baadaye Kageha alimkuta Nthenya ameketi na mama huyo kando ya kitanda cha mtoto, wakizungumza Kikamba kwa sauti ya chini.

"Nimemwambia wewe hukosea," Nthenya alisema alipoinuka, "na ukikosea unasema. Amekubali."

Seli za mtoto huyo zilikufa. Za wanne waliofuata pia zilikufa. Mwaka 1980 za Wekulo, mvulana kutoka Bungoma, zikashika. Kageha alizikagua kila mwezi, na kila mwezi Y ilikuwepo iking'aa. Humo ndimo alimoona kwa macho yake kipande cha kromosomu ya nane kikiwa kimeng'oka na kujipachika kwenye ya kumi na nne. Watafiti wa ng'ambo walikuwa wameshakiona kwa wagonjwa wao. Kageha aliamua kutafuta kwa watoto wa hapa kinakatikia wapi hasa, na kinaamsha jeni gani, na kazi hiyo ikampa shahada yake ya udaktari mwaka 1985, hapa hapa Nairobi.

Alipeleka habari hizo shambani. Alichora zile kromosomu mbili mchangani kwa kijiti, kama nyuzi, na Nthenya akachuchumaa kuzitazama kwa makini.

"Hapa ndipo panapokatika?"

"Hapo."

"Na dawa ya kupatibu hapo?"

"Bado."

Nthenya akasimama, akakung'uta leso yake. "Basi unafanya nini huku? Rudi kazini."